Macho ya Ngariba

Kwetu Newala, ukingoni pale unapoliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako, kulikuwa na mtu ambaye wavulana walimwota kabla ya kumfahamu. Alikuwa ngariba. Jina alikuwa nalo, na wazee wenzake walilitumia, lakini mimi sikuwahi kulitamka tangu utotoni hadi alipokufa, wala sioni kwa nini nianze leo. Mbele yake tulimwita Baba, nyuma yake tulimwita Ngariba, na mtoto wa kiume aliyekataa kulala alitishiwa kwa hilo la pili mpaka usingizi ukamchukua kwa nguvu.

Anayelisikia neno hilo huenda akawaza jitu la miraba minne. Hapana. Alikuwa mfupi, mabega membamba, sauti ndogo, na alitembea akiangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine, mikubwa, yenye vidole virefu vilivyotulia. Kila asubuhi aliipaka mafuta ya nyonyo, akakaa barazani akiwa ameiweka juu ya magoti hadi yakauke. Mkewe alizoea kusema kwamba ile mikono iliolewa kabla yake, na yeye aliikuta nyumbani.

Mikono hiyo ilikuwa imewatahiri wanaume wote niliowajua. Kaka yangu Basili, mume wangu, mwalimu wa shule ya misheni, hata karani wa boma aliyetembea amevimba kifua. Walimfuata kutoka Chilangala na Tandahimba, na mwaka mmoja watu wa Lupaso walipanda mpaka kwetu kumchukua. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini watoto wa Wakristo aliwatahiri vilevile, na padri akija kuwaombea wale watoto kabla hawajaingia porini, Ngariba alivua kofia, akasimama pembeni, akasubiri amina. Alisema mtoto ana govi moja tu, dini zitaelewana zenyewe.

Mtu huyohuyo hakuweza kuchinja kuku.

Sitanii. Sikukuu ikifika, mkewe alinituma mimi au binti mwingine yeyote tumtafute mwanamume wa kuchinja, na Ngariba aliondoka nyumbani mpaka kazi iishe. Akiulizwa alijibu kwamba kuku hajui kwa nini anakatwa. Mvulana ameambiwa, amechezewa ngoma, ameahidiwa nguo mpya, na baadaye atajigamba. "Kuku nitamwambia nini?" Wanaume walimcheka kwa hilo, ila kwa mbali, maana kila mmoja alikumbuka siku alipokaa mbele yake.

Semi zake zilikuwa chache naye alizirudia mpaka zikachosha. "Kisu hakina haraka, mwenye haraka ni mtu." "Mtoto akikulilia, mjibu, usimkemee." Na ule ambao wanawake tuliupenda zaidi, kwa sababu alitusemea sisi: "Anayetahiriwa ni mmoja, wanaoumia ni wawili." Alikuwa pia mbishi, mchoyo wa tumbaku, na mwepesi wa kununa. Ukimpita bila shikamoo, alikaa na kinyongo mwezi mzima, kisha siku moja anakuletea mihogo bila neno na yamekwisha.

Lakini huwezi kumweleza Ngariba ukawaacha njiwa wake.

Kwetu njiwa hafugwi kwa nyama tu. Watu wanaamini kwamba njiwa hakai penye ugomvi. Nyumba yenye kelele, njiwa huhama, na wakishahama kila anayepita njiani anajua humo ndani kumeoza kitu. Kwa ngariba jambo hilo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu watu walisema mkono unaotoka katika nyumba ya ugomvi hufanya kidonda kisifunge. Wavulana wa Ngariba walipona haraka, na njiwa wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote. Watu walijumlisha wenyewe.

Basi yeye na mkewe hawakugombana nyumbani. Si kwamba hawakuwa na ugomvi! Walikuwa nao wa kutosha kuwagawia majirani. Ila ukipamba moto, mmoja alimwambia mwenzake, "Twende shamba," wakatoka wameongozana, hawana jembe wala panga, wakapotelea kwenye mikorosho. Huko walitukanana mpaka wakatosheka. Kisha walirudi polepole, wamenyamaza, yeye mbele na mke nyuma, mara nyingine mke amebeba kuni ili safari isiwe bure. Sisi watoto tulijua: wazee wakienda shamba bila jembe, usiwafuate.

Zamani njiwa hao walikaa nje, katika mizinga ya magome iliyofungwa juu ya nguzo, kama walivyofuga watu wote. Kisha kipanga alianza kuwachukua mchana na fungo akawachukua usiku. Ngariba akaiingiza mizinga ndani, akaitundika chini ya paa, juu kabisa ya kitanda chake. Watu waliona ni upendo. Na ulikuwa upendo, mimi sibishi. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alifunga mlango na kuikwangua mizinga ile ndani. Alifunga kwa sababu mavi ya njiwa si taka za kuonekana na kila mtu: adui akiyapata akayamwaga njia panda, amani ya nyumba hutawanyika. Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Kwa hiyo alikwangua akiwa amejifungia, dirisha halipo, vumbi jeupe limejaa chumba kizima, naye yumo katikati ameinamisha kichwa, anavuta pumzi. Akimaliza aliyatia kwenye kikapu, akayafukia mwenyewe kwenye miche yake ya tumbaku.

Alifanya hivyo miaka na miaka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwake kililala juu ya kitanda, na kilimwamsha kila alfajiri kwa kuguna.

Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni, mwendo wa kutoka asubuhi na kufika jua halijawa kali. Nyumba yangu na ya Ngariba zilitenganishwa na ua wa matete. Mume wangu alikuwa Mtwara, kwenye kazi ya ujenzi, akija akiondoka. Katika watoto niliowazaa alibaki mmoja, Daudi. Nalisema hili sasa kwa sababu lote ninaloeleza, nililiona kwa macho ya mama wa mtoto mmoja aliyekaribia umri wa jando.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waingereza, wanaume wakianza kuzungumza habari za uhuru hata kilabuni, na korosho zikianza kuwapa watu mabati. Kiangazi kimoja Ngariba alishikwa na kikohozi. Hakikuwa cha kutisha, kikavu tu, na homa ya jioni iliyokuja na kuondoka. Akakonda. Majirani wakasema kifua kikuu, wakaanza kumtengea kikombe. Nikamshawishi akaja hospitali, makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Baada ya muda kikohozi kikaisha chenyewe. Mkewe alipika wali, tukala, tukafurahi. Tulifurahi bure.

Masika yakapita. Ndipo kichwa kikaanza.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa na daktari wetu, mwanamke wa Kizungu, mrefu, mkavu wa maneno, aliyesema Kiswahili kwa kukikatakata lakini hakusema uongo. Kuna kuvu, jamaa ya lile linaloota kwenye mkate, dogo hata jicho haliwezi kuliona. Hukaa katika mavi makavu ya njiwa. Njiwa mwenyewe halimdhuru. Mtu akivuta vumbi lake, huingia mapafuni na kukaa. Wengi huvuta wasijue, mwili ukalishinda. Kwa mwingine hukohoza kidogo, kisha mtu anadhani amepona, kumbe halijafa, limeingia katika damu tu. Damu hulipeleka kila mahali, nalo hupenda mahali pamoja kuliko pengine: ule utando unaofunika ubongo, na maji yanayouzunguka na kuteremka uti wa mgongo. Huko huzaana polepole. Maji hukosa njia, hujaa, na fuvu si tumbo, haliwezi kutanuka. Kwa hiyo kichwa huuma kama kinapasuliwa kutoka ndani, mtu hutapika bila kula kitu, hubadilika tabia, na mishipa ya macho hubanwa mpaka mwanga unazimika.

Hayo niliyajua baadaye. Mwanzoni nilimwona tu jirani yangu akifunga kitambaa kichwani, akikaa barazani na uso umekunjamana. Alianza kuwa mkali. Siku moja alimpigia mkewe kelele ndani ya nyumba, mbele ya njiwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mkewe alikuja kwangu akilia, na hakulilia kupigiwa kelele.

"Hakunipeleka shamba," aliniambia. "Mama Daudi, huyu si mume wangu."

Waganga walikuja. Mmoja alisema ni wivu wa ngariba wa upande wa Masasi, mwingine alisema ni damu za watoto zinamdai. Alichanjwa kwenye paji la uso, akafukizwa. Mimi sikuwacheka na sitawacheka leo, walijaribu kama sisi tulivyojaribu, na mwisho tulitoka sare.

Alipokubali kuja hospitali, daktari alimkunja shingo, akamwangalia macho kwa taa, akasema lazima achomwe sindano ya mgongo ili maji yapimwe. Hapo ndipo nilipomwona Ngariba akiogopa. Sindano ya mgongo kwetu ilikuwa na sifa mbaya. Waliochomwa wengi walikuwa wagonjwa wa mwisho, wakafa, na watu wakasema sindano ndiyo iliyowaua. Yeye, aliyekata watoto wa wilaya nzima mkono usimcheze, alishuka kitandani akatafuta viatu vyake.

"Mgongo wa mtu mzima hauchomwi," alisema.

Nikakasirika. Nilikuwa nimechoka, na nilimpenda. "Baba," nikamwambia, "wale watoto unawaambia nini wakikuogopa?"

"Nawaambia watashikwa na mtu anayewapenda."

"Basi mimi nitakushika."

Akapanda kitandani. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisimwambie mwanamume yeyote kama atalia. Nikamkunja ubavu kama tunavyomkunja mtoto, magoti kifuani, kichwa chake kwenye tumbo langu, na nikahisi mwili mzima ukitetemeka, isipokuwa mikono. Hakulia. Maji yalitoka kwa nguvu, na yalipotoka akashusha pumzi ndefu. "Limeondoka," alisema. "Lile jiwe limeondoka." Akacheka. Sijui kama niliwahi kumsikia akicheka kwa sauti kabla ya siku ile.

Daktari alitia tone la maji yale kwenye kioo, akachanganya na wino mweusi, akaangalia katika hadubini, akaniita nami nikaangalia. Katika weusi ule kulikuwa na vijiduara vyeupe, vimetawanyika kama punje za mtama kwenye kaniki. Kila kimoja kilikuwa na koti lake. Ngariba akataka kuona. Akainama, akaweka jicho, akakaa hivyo.

"Umeviona, Baba?"

"Nimeviona."

"Vimetoka kwenye vumbi la njiwa."

Akainuka. "Njiwa wangu hawana ubaya," akasema, na hakutaka kusikia zaidi.

Siku zile nilidhani anabisha tu. Leo nadhani hakuwa ameona kitu.

Daktari hakumficha. Alisema Ulaya kuna dawa mpya, kali, inayoanza kujaribiwa, na yeye hana. Aliandika kuomba. Hakuna kilichokuja. Kilichobaki kilikuwa kumtoa maji kichwa kikijaa, kumpunguzia maumivu, na kuwaondoa njiwa ndani ya nyumba. La kwanza alilikubali. Alikuja, akajikunja, akatolewa maji, akarudi kwa miguu akizungumza. La mwisho alilikataa kabisa. Ngariba aliyehamwa na njiwa nani atamkabidhi mtoto? Nikamwambia waondolewe usiku, wapelekwe kwa shemeji yake, tuseme fungo amewamaliza. Akanijibu kwamba mimi ni mtoto mwema ila nimesoma mpaka nimesahau watu wanavyosema. Njiwa wakabaki. Hawakuhama, hata mmoja. Walinenepa juu ya kitanda chake, na wapita njia waliona bado amani ipo.

Mganga hajigangi, lakini huyu alifanya zaidi ya kutojiganga. Alificha. Na mimi, kutoka upande wangu wa ua, nikaanza kuona anachokificha. Alikuwa akinijua kwa sauti, na nisiposema kitu hakunisalimia. Alimimina maji kando ya kikombe. Akitoka nje alipapasa mwimo wa mlango kwanza, kisha akaufanya mkono ule uonekane kama umeegemea tu. Mkewe alianza kuimba akimtangulia njiani, yeye ambaye hakuwa mtu wa nyimbo, na mume alifuata wimbo ule. Kijiji kikasema wazee wanapendana uzeeni. Nilitazama jambo hilo mpaka moyo ukaniuma.

Kisha mavuno yakaisha, na ngoma ya jando ikatangazwa. Ngariba akasema atatahiri mwenyewe, kama kawaida.

Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla ya kuwa wa baba. Nikaenda kwa kaka yangu Basili, nikamkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia Ngariba haoni.

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona."

"Ngariba anawatahiri watoto wa ukoo huu tangu hujavunja ungo. Mambo ya likumbi hayaulizwi na mwanamke."

Likumbi ni lile banda la porini wanakokaa wavulana wakishatahiriwa, na alikuwa na haki, sikutakiwa hata kulitaja. Nikamwomba basi Daudi atahiriwe hospitali. Basili akaweka mpini chini. Aliniuliza kama nataka mwanangu akae peke yake maisha yake yote, asiitwe na marika yake, asizikwe nao. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, kwa sababu alisema kweli. Daudi mwenyewe alikuwa akiota siku ile. Alishaanza kutembea na wenzake kama wanaume wadogo.

Kwa hiyo palibaki mahali pamoja tu, barazani kwa Ngariba mwenyewe.

Kabla sijafika hapo, nieleze maziko yake, maana sitaki kumalizia nayo. Alikufa wavulana wakiwa bado porini. Mwishowe kichwa kilimchukua akili, akaita watu waliokufa zamani, akalala, hakuamka. Na kwetu watoto wakiwa likumbini, kijijini hakuna kilio. Mtoto mwenye kidonda akisikia kilio atadhani ni mama yake, na kidonda chake kitaharibika. Hata akifa mzazi wa mmojawapo, watu huzika kimya na chakula huendelea kupelekwa. Hivyo Ngariba, aliyewatahiri karibu wanaume wote waliobeba jeneza lake, alizikwa bila sauti ya mwanamke hata moja. Mkewe alijaza khanga mdomoni. Nilimshika mabega, nikahisi kilio kinapanda na kushuka ndani yake, hakitoki. Nimeona vifo vingi katika kazi yangu, na sijaona kingine kilichonitesa vile.

Sasa siku ile nyingine, wiki moja kabla watoto hawajaingia porini.

Ni desturi kwamba mama wa mvulana humpelekea ngariba unga na kuku. Anamkuta ananoa. Anaweka vitu vyake chini, anakaa na kumpa mgongo, kwa maana mwanamke hapaswi kukitazama kisu kile kabla ya kazi. Atakayekitazama, ngariba humfukuza hapohapo, na mwanawe huachwa mwaka ule. Wanazungumza hivyo, mmoja ananoa, mwingine anatazama njia, kisha mama anaaga.

Nilikwenda saa za mchana. Alikuwa peke yake barazani, mkewe yuko nyuma jikoni.

"Hodi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Daudi. Umeleta unga?"

"Nimeleta unga na kuku."

"Weka hapo. Kaa, ugeuke, nina kazi mkononi."

Nikaweka. Nikakaa. Sikugeuka.

Kisu kilikuwa juu ya jiwe, wazi, kifupi kuliko nilivyodhani. Nilikitazama, nikamtazama yeye usoni, na macho yake yalikuwa yamenielekea moja kwa moja. Nilingoja anifukuze. Naapa nilimwomba Mungu anifukuze, Daudi aachwe mwaka ule, nirudi nyumbani nikitukanwa na ukoo mzima. Aliendelea kunoa. Alinyoosha mkono kwenye bakuli la maji, akalikosa, akalipata.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anaogopa kidogo."

"Wote huogopa. Asiyeogopa ndiye anayenipa taabu." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Na wewe usilie. Nyinyi mkishanipa mgongo ndipo mnapolia, mnadhani sijui."

"Baba," nikasema. "Sijageuka."

Jiwe likanyamaza.

"Unasemaje?"

"Sijageuka. Tangu nilipokaa nakutazama wewe na hicho kisu."

Nilitegemea laana. Yeye alikilaza kisu pajani, akanyoosha mkono mmoja, polepole, ukaja hewani mpaka ukagusa uso wangu. Akagusa paji, pua, akagusa machozi. Vidole vyake vilinukia nyonyo.

"Kweli," akasema.

Njiwa walikuwa wakiguna ndani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkeo anajua. Kaka yangu hataki kujua."

"Daktari alisema macho yatarudi?"

"Hakusema hivyo, Baba. Alisema dawa hana."

Akatikisa kichwa, halafu akaanza kuzungumza haraka, si kawaida yake. "Nilidhani mkono utatosha. Mkono unakumbuka, Mama Daudi. Usiku nakata ukambaa wa miyaa gizani, unakatika pale ninapotaka. Kila usiku. Haujakosea hata mara moja."

"Ukambaa hautikisiki, Baba," nikamwambia. "Mwanangu atatikisika."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia maneno yale. Niliyaona yakimwingia. Mabega yake membamba yalishuka, na mtu mzee sana akakaa mahali alipokuwa amekaa Ngariba. Alichukua kitambaa, akakifungia kisu kwa uangalifu, akakisukuma mbali kidogo na goti lake. Kisha akamwita mkewe kwa sauti, akamwambia amtafute mpwa wake aje upesi, kuna kazi ya kurithi.

"Siku ikifika nitawaambia wanaume kichwa kinaniuma," akaniambia. "Si uongo."

"Si uongo, Baba."

Mpwa wake ndiye aliyewatahiri mwaka ule, na Daudi alipona vizuri. Basili alisema, unaona, Mungu hupanga, na nikamwachia Mungu wake.

Lakini mchana ule tulimsikia mkewe akifungua lango la nyuma na kwenda. Nikaanza kuinuka niondoke, nikidhani sina tena la kufanya pale. Ngariba akanizuia kwa kunishika kiganja.

"Mama Daudi."

"Naam, Baba."

"Sasa geuka," akasema. "Nipe mgongo, nilie kabla hawajafika."

Nikageuka, nikatazama njia, nikakaa hivyo mpaka mpwa wake alipopiga hodi.